Kodi Isamehewayo ni Mali ya Umma

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwaka 1993, kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ilipotafuta mahali pa kujenga kiwanda cha magari nchini Marekani, majimbo kadhaa yalishindana kuivutia kwa misamaha ya kodi. Alabama ilishinda kwa ahadi ya dola milioni 253 hivi. Kampuni nayo iliahidi kuajiri watu wapatao 1,500. Yaani kila kazi iliwagharimu wananchi zaidi ya dola 168,000.

Hatukatai viwanda, vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini twauliza: tajiri akisamehewa, mzigo wake hubebwa na nani? Hubebwa na mkulima na mwenye duka, ambao hawana jimbo la kutishia kuhamia. Serikali inayoshindana hivyo yafanana na Esau, aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sababu ya njaa ya siku moja.

Kaunti zetu nazo hutoza kodi za ardhi na ada mbalimbali, na kishawishi ni kile kile. Ngao tunayo. Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 chakataza kusamehe kodi yoyote ila kwa mujibu wa sheria. Kila msamaha sharti uandikwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kushangilia jiwe la msingi, tudai kuonyeshwa kumbukumbu hizo.