Kalamu Ibaki Mkononi mwa Mwenye Kazi



Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad. Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi wetu wa Mbulu na Hanang, mwaka huu tumeona tuliseme wazi jambo ambalo hulinong'ona tu kila likizo inapofika. Vijana wetu wanafika vyuoni, kisha wanakwama katika kuandika.

Hatusemi kwamba hawana akili. Ukimwuliza kijana huyo kwa Kiswahili alichofundishwa na mhadhiri, atakueleza mpaka uelewe. Lakini akipewa asaimenti ya kurasa tano anakesha na karatasi tupu. Mwishowe anapata sapu, sapu zikizidi anadisko, na ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya ada ndiyo hao hawarudi tena zizini.

Tutazame njia aliyopita. Wilaya ya Mbulu ni mahali pa ajabu kwa lugha. Wairaqw, Wabarabaig, Wanyiramba na Wahadzabe wa Yaeda Chini wanaishi jirani, na lugha zao hazina udugu wowote. Mtoto wa Dongobesh anaongea Kiiraqw na mama yake, na mwenzake wa Basotu kule Hanang anaongea Kibarabaig. Wote wawili wanakutana na Kiswahili darasa la kwanza, na Kiarabu wanakipata hapa madrasa. Kidato cha kwanza masomo yanageuka kuwa Kiingereza, kwani ndivyo Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ilivyoweka, na hadi leo mitihani ya sekondari na vyuo vingi inafanywa kwa lugha hiyo. Kisha chuo nacho kinataka Kiingereza cha namna yake: utoe hoja, ulete ushahidi, utaje maneno umeyatoa kwa nani. Hiyo ni lugha ya tano, na hiyo hakuna anayezaliwa nayo, hata Mwingereza.

Na kwa kweli tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, Marekani, kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari katika jiji hilo. Wakaingia maelfu ya watoto wa maskini na wa wahamiaji, na wengi wakashindwa kuandika kama chuo kilivyotaka. Mwalimu mmoja wa Brooklyn College, Kenneth Bruffee, aliona kwamba walipowekewa walimu wa kuwasaidia, wengi hawakwenda, kwa sababu msaada ule ulifanana mno na darasa lile lile lililowashinda. Basi wakafundishwa wanafunzi wa kuwasaidia wanafunzi wenzao. Hapo wakaja. Leo vituo vya namna hiyo vipo katika vyuo vingi duniani.

Lakini Waislamu tusilione jambo hili kuwa geni. Katika madrasa kubwa za zamani, kama Nidhamiyya ya Baghdad iliyofunguliwa mwaka 459 Hijria (1067), palikuwa na mtu akiitwa mu'id, yaani mrudiaji. Sheikh akimaliza darasa, mu'id hukaa na wanafunzi, akalirudia somo na kuwafafanulia palipowashinda. Imam Nawawi, ambaye hadithi zake arobaini kila mwanafunzi wetu amezihifadhi au anazihifadhi, alitoka kijijini kwao Nawa akaingia Damascus mwaka 649 Hijria akiwa na umri wa miaka kama 19, na haukupita muda mrefu sheikh wake akamfanya mu'id kwa wanafunzi wenzake. Kijana wa kijijini, mgeni mjini, anawarudishia wenzake somo! Naye Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni aliomba apewe nduguye Harun kwa kuwa ulimi wake ulikuwa fasaha zaidi. Basi kuomba msaada wa kauli si aibu.

Aibu tunayo katika jambo jingine. Wapo wanaokwenda steshenari kulipa fedha ili waandikiwe utafiti au ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Siku hizi wapo pia wanaoiagiza simu iwaandikie, na simu inatii kwa dakika moja. Wazazi wengine wanatoa fedha hizo wakidhani wanamsaidia mtoto. Tunasema bila kuficha kwamba huo ni udanganyifu, na cheti kinachopatikana hivyo kina walakini. Tena una hasara ya hapa hapa duniani: muuguzi asiyeweza kuandika mwenyewe hali ya mgonjwa ni hatari kwa mgonjwa huyo.

Kwa hiyo katika kufundishana tunakotaka sisi, mwenye kazi ndiye anayeshika kalamu tangu mwanzo mpaka mwisho. Anayesaidia hasahihishi kila neno. Anasoma kwa sauti, kisha anauliza: hapa ulitaka kusema nini? Swali limekutaka ulinganishe, mbona umeeleza upande mmoja tu? Hili umelitoa wapi? Mwenzake akijibu kwa Kiswahili, au hata kwa Kiiraqw, amwambie aliandike hilo hilo alilolisema, Kiingereza watakitafuta pamoja. Sisi tunaamini hapo ndipo penye siri yenyewe, kwa sababu mara nyingi lililokosekana ni wazo lililonyooka, na kosa la sarufi ni dogo kuliko tunavyodhani.

Baadhi ya wazazi wameuliza: mwanafunzi atamfundisha nini mwanafunzi mwenzake? Atamfundisha alichojifunza mwaka jana, na angali anakumbuka kilivyomtesa. Mhadhiri alikwisha kusahau. Naye anayefundisha hutoka amejua zaidi, na kila mwalimu wa chuoni aliyewahi kumwachia mwanafunzi mkubwa kusomesha wadogo juzuu ya Amma analijua hilo vizuri.

Wapo miongoni mwetu wanaosoma uuguzi Haydom, wapo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tango pale Mbulu, wapo vyuo vikuu Dodoma na Morogoro. Tunawaomba likizo ndefu ijayo wasikae barazani tu. Kwa kuwa Katesh na Mbulu mjini ni mbali na nauli ni mzigo, vikao vitakuwa viwili, kila upande na chake: Jumamosi baada ya Dhuhuri wavulana, Jumapili wasichana pamoja na dada zao waliotangulia. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita nao waje, wasisubiri mpaka wafike chuo. Ada hakuna. Kila mmoja aje na karatasi aliyoiandika mwenyewe, hata ikiwa nusu ukurasa na imejaa makosa. Asiyekuwa nayo atapewa karatasi tupu na nusu saa, ndipo mwenzake atakapokaa naye.