Kuovakloki kwa Feni, Hapa Dar?

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki mbili. Sikusafiri wala sikuumwa. Iliyoumwa ni kompyuta yangu ya nyumbani, na aliyeiambukiza ni mimi mwenyewe. Leo naomba nitoe la moyoni kuhusu kitu ambacho vijana wengi tunakishabikia bila kukipima: kuovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko mwendo uliowekwa na kiwanda, huku unaipoza kwa chuma na feni tu.

Sina ugomvi na jambo lenyewe. Raha yake naijua. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, chipu ya bei nafuu ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukipandisha mapigo ya mazabodi kutoka megahezi 66 hadi 100, chipu ileile inafika 450 na kuanza kukimbizana na Pentium II iliyouzwa kwa bei ya mara kadhaa. Nani asingeipenda? Mnyonge alikuwa anapata cha tajiri kwa kubadilisha tarakimu tu. Baadaye wakubwa wakafunga mlango. Kuanzia 2011 Intel wakawa wanaacha wazi hasa zile chipu zenye herufi K mwishoni, kwa nyongeza ya bei.

Yangu ni Core i5-2500K ya mwaka huo huo wa 2011, nimeinunua mtumba Kariakoo. Mashine nyingi za mtumba hapa mjini zilitoka maofisini, na hata ukiingia kwenye bayosi hukuti pa kugusa. Kwa hiyo nilipoiona hiyo K nilijihisi nimeokota dhahabu. Nikanunua chuma kikubwa cha kupozea chenye feni, nikapaka pesti mpya, nikanakili vipimo vya jamaa mmoja wa Ulaya: kutoka gigahezi 3.3 hadi 4.5, volti 1.35. Nikaijaribu saa sita usiku kwa saa nzima. Haikutetereka. Nikalala nikitabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kosa langu lilikuwa kwenye ile saa sita usiku.

Chumba changu ni cha kupanga, paa la bati, hakina kiyoyozi. Mchana wa Februari kinafika nyuzi 33 bila aibu. Feni haitengenezi baridi, jamani. Inachukua hewa iliyopo chumbani na kuipuliza kwenye chuma, basi. Kama hewa ni nyuzi 33, chipu haiwezi kamwe kushuka chini ya hapo, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani inahamia karibu yote kwenye chipu. Yule jamaa wa Ulaya pengine alipima kwenye chumba cha nyuzi 20. Mimi nikanakili namba zake, nikasahau kunakili hali ya hewa yake.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Nilikuwa nimemhoji mzee mmoja wa Morogoro, mstaafu wa reli, kwa zaidi ya saa moja. Nilihamishia rekodi kwenye kompyuta, nikaifuta kwenye simu ili nipate nafasi, kisha mchana wa Jumamosi nikaendesha programu ya kuondoa kelele za upepo, nikahifadhi juu ya faili lilelile. (Ndiyo, najua. Mwandishi wa habari mzima.) Mashine haikuganda. Haikutoa onyo lolote. Kazi ikaisha vizuri kabisa. Nilipofungua kusikiliza, kuanzia dakika ya ishirini hivi ni mikwaruzo mitupu mpaka mwisho.

Nikaendesha Prime95, programu inayoipa prosesa hesabu ngumu ambazo majibu yake yanajulikana, saa tisa alasiri. Dakika ya nne ikakuta jibu lenye kosa. Nikarudisha 3.3, nikaiacha saa tatu, hakuna kosa hata moja. Sitaapa mahakamani, ila mimi nimeshajua mhalifu.

Watu wanadhani mashine iliyozidiwa lazima izime au ilete skrini ya bluu. Hiyo ndiyo bahati nzuri! Bahati mbaya ni pale inapokosea hesabu kimyakimya na kukukabidhi kazi kwa heshima zote.

Nilipanda basi mpaka Morogoro. Nikasema, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, gazeti limetoka?" Nikamweleza yote, prosesa, joto, mwendo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwani hiyo mashine yako ilikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Maana hebu tufanye hesabu. Umeme unaoliwa na chipu, ambao wote unageuka joto, unapanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili. Chipu yangu kutoka gigahezi 3.3 kwa volti 1.2 hadi 4.5 kwa volti 1.35 ni ongezeko la asilimia 73 hivi za joto. Ningeishia 4.2 kwa volti 1.25, ambazo baadaye nimeona zinaitosha, ongezeko ni asilimia 38. Yaani hatua ile ya mwisho, ya 4.2 hadi 4.5, imenipa asilimia 7 za mwendo na kunitoza asilimia 25 za joto. Kazi ya dakika 32 inakuwa ya dakika 30. Dakika mbili! Nilipoteza sauti ya mzee kwa dakika mbili ambazo ningezitumia kuchemsha chai.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayecheza gemu na aovakloki atakavyo, kikiharibika kitaharibika kipigo cha adui. Lakini mwenye kazi ya watu ndani ya mashine, tena kwenye chumba cha bati huku pwani, asiamini kipimo chochote cha usiku. Pima saa tisa alasiri, madirisha kama yalivyo siku zote, baada ya kufuta vumbi, na upime saa nyingi. Sisi waandishi hatuchapishi habari ya chanzo kimoja kilichoongea mara moja, sijui kwa nini kwa prosesa tunakuwa wepesi hivyo.

Na msinijibu kwamba viwanda navyo vinakimbiza chipu zao. Vinakimbiza kweli, na Intel walijionea mwaka 2024, chipu zao za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilipogundulika kupewa volti za kupita kiasi mpaka nyingine zikaharibika moja kwa moja. Ikabidi watoe masahihisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Wao wana dhamana ya kuongeza. Mimi chipu yangu ni ya mtumba, fundi aliniuzia bila hata risiti.

Mzee amekubali turudie. Jumamosi narudi Morogoro na kadi mpya ya simu, na kompyuta itabaki 3.3 mpaka kazi yake itoke.