Katoni moja chini ya mwembe

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya chakula cha watoto wakati wa mitihani. Mtuvumilie, hiyo itangoja. Kuna jambo limetokea katika masomo yetu, na lilianzia kwetu sisi wenyewe, wanawake wa likelemba.

Siku ya tatu, saa ya mapumziko, binti mmoja wa darasa la nne alikataa kutoka nje. Alilaza kichwa juu ya meza na kulia. Mwenzake alikuwa amemwambia mbele ya wote: “Mama yako anauzisha dawa za wagonjwa.” Mama yake ni muuguzi katika kituo cha afya cha mtaa. Jina lake hatulitaji, wala la kituo. Mengine yote ametupa ruhusa kuyasimulia.

Tulipotaka kumkemea yule mtoto msemaji, ulimi ulitulemea. Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia siku ya posho, chini ya mwembe, tukihesabu franka za likelemba, na hatukuyazuia. Tusijifiche: tuliuliza hata “katoni ngapi?”

Katoni ilikuwa moja. Muuguzi huyu anafuga kuku nyumbani, maana mshahara unachelewa na primu haifiki kwa wote. Vifaranga vinahitaji joto, na katoni tupu ya serumu ni nzuri kwa kazi hiyo. Aliiomba kwa mkubwa wa kituo, akapewa, akatoka nayo mchana, mbele ya watu. Mfanyakazi mwenzake alimwona, na wawili hao walikuwa wamegombana juu ya liste ya zamu za usiku. Sisi walimu tunaijua sana hali hiyo, mkutano wa walimu nao una midomo yake. Aliyesema kwanza alisema kweli: “Ametoka na katoni ya serumu.” Hakusema imejaa. Hakusema ni tupu vilevile. Wa pili aliijaza. Kufika kwetu zilikuwa katoni nne, na polisi walikuwa wamekwisha kuja, ingawa hakuna aliyewaona.

Alipoyapata, shauri lake la kwanza lilikuwa kwenda kupiga kelele barazani pa kituo. Mume wake alimwambia alale kwanza. Asubuhi alimngoja yule mwenzake wamalize kazi, akamwita pembeni, wawili tu, akamwuliza: “Uliona nini kwa macho yako?” Akajibu: “Katoni.” “Nzito ao nyepesi?” Hapo hakukuwa na jibu. Hakumtukana. Aliingia ndani na kuandika barua kwa mkubwa wa kituo, akiomba dawa zihesabiwe mbele ya CODESA.

Wengine kati yetu hawaijui CODESA, ingawa ni yetu. Ni kamati ya maendeleo ya eneo la afya, na watu wa mtaa wamo ndani yake. Kila dawa katika kituo ina karatasi yake: ngapi ziliingia, ngapi zilitoka, ngapi zimebaki. Karatasi hiyo inalinganishwa na kitabu cha wagonjwa, kisha mtu anahesabu yaliyo juu ya etajeri kwa mkono. Walihesabu karibu siku nzima. Serumu zilitimia. Paracetamol zilipungua kidogo, na walipofungua kitabu cha usiku walikuta wagonjwa wawili walioandikwa huko bila kuhamishwa kwenye karatasi. Kosa la kalamu. Liliandikwa hivyo katika ripoti, na wote wakatia sahihi.

Sisi tungependa habari iishe hapo, lakini masengenyo yalikuwa yamefika mbele kuliko ripoti. Katika juma hilo mama mmoja wa avenyu yetu alikataa kupeleka mtoto kituoni. “Dawa zao zimekwisha kuuzwa,” alisema. Alimpa vidonge vya sokoni siku tatu. Mtoto alifikishwa hospitali macho meupe, malaria imemaliza damu yake, akatiwa damu usiku uleule. Amepona, tunashukuru. Mama yake alikuwa ameketi nasi chini ya mwembe siku ile.

Jiji letu lina historia ndefu ya maneno ya namna hii. Katika miaka ya 1940, wakati bado linaitwa Élisabethville, watu waliogopa batumbula, wakamataji wa usiku ambao ilisemwa wanawapelekea Wazungu watu wa kuliwa. Tunaweza kucheka leo. Lakini hofu ile ilikuwa na mzizi: mkoloni alikuwa na nguvu juu ya mwili wa mtu mweusi, na hakuna aliyemweleza kitu. Mahali ambapo watu hawaelezwi, wanajieleza wenyewe.

Karibu zaidi na sisi, kumbukeni Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Na bado ilisemwa kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba chanjo ndiyo inaua, na wauguzi waliozaliwa kulekule waliambiwa na majirani wamekula pesa. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Cameroon aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Hatusemi uvumi peke yake ulileta bunduki. Kule kuna vita ya miaka mingi. Lakini bunduki zilikuta maneno yamekwisha kutangulia.

Wengine walimshauri muuguzi wetu aende mahakamani. Sheria ipo: kifungu cha 74 cha kitabu cha makosa kinamwadhibu anayemzushia mtu hadharani jambo la kuharibu heshima yake, kifungo cha siku 8 hadi mwaka mmoja. Alikataa. Alisema ataendelea kugawana zamu na mwenzake yule, na mgonjwa wa saa nane za usiku anahitaji mikono minne.

Kuna kifungu kingine, cha 73, na hiki ndicho kilichotuaibisha. Kinamkataza muuguzi kutoa siri za mgonjwa. Hebu tuhesabu chini ya mwembe: wangapi kati yetu amewazalisha? Nani alikwenda kwake kupimwa akimficha mume? Nani alilia katika chumba chake? Tuliponoa ndimi juu ya katoni yake, alikuwa na majibu ya kila mmoja wetu, na baadhi yangevunja ndoa. Hakufungua mdomo, hata nyumbani kwake.

Siku ya posho iliyofuata tulimwomba msamaha mbele ya wote, na mwenyekiti alisoma ripoti ya CODESA kwa sauti. Mama mmoja alisema hana la kuomba, yeye alirudia tu aliyoyasikia. Tulimwacha. Darasani tulimsimamisha mtoto msemaji aeleze alichosikia na alisikia wapi. Alijibu: “Kwa mama, jikoni.” Hatukuendelea kumwuliza.

Binti yuko darasani, anacheza. Vifaranga vimekuwa kuku kumi na mmoja. Yule mama aliyekataa kuomba msamaha ametuma watu wamwulizie bei, anataka wawili wa Noeli. Tumemjibu bei akaulize mwenyewe.