Wa Mia Naye Yumo

Kijiweni kwetu Mchikichini, jirani na soko la Karume, nilimtaja Paul Wekesa, Mkenya aliyecheza tenisi ya kulipwa na mwaka 1995 akafika nafasi ya 100 duniani. Mshkaji mmoja akacheka: "Wa mia? Sasa huyo naye bingwa?"

Nilicheka pia, kisha nikanyamaza. Fildi mwaka jana nilibandika matokeo ukutani, darasa la watoto 112. Aliyeshika nafasi ya 100 alitafuta jina lake mbele ya wenzake, akaliona, akatoka kimya. Kesho yake hakuja shule. Aliyebandika ni mimi.

Sisemi wa mia wa darasa ni sawa na wa mia wa dunia. Lakini Wekesa huyohuyo, kwenye mechi za wawili wawili, alibeba mataji matatu ya ATP. Ukiangalia orodha ile ya mmoja mmoja peke yake, huyaoni. Orodha hupima kitu kimoja tu.

Walimu wenzangu watarajiwa, tukirudi fildi, kila mtoto tumpe karatasi yake mkononi. Ukutani tubandike ratiba.