Kuhamisha usukani: fundi wa mutaa ao garaje kubwa?

Gari inanunuliwa Japani kupitia simu. Inapanda meli mpaka Dar es Salaam, inavuka Tanzania na Zambia, inapita mupaka wa Kasumbalesa, na kisha kilometa karibu 90 inaingia Lubumbashi. Tangu bandarini imetembea upande wa kushoto wa barabara, na usukani wake wa kuume ulikuwa pahali pake. Kasumbalesa mambo yanageuka. Kongo inatembeza magari upande wa kuume, kwa hiyo shofere anajikuta amekaa kando ya mufereji. Akitaka kupita lori iliyo mbele yake, anapashwa kutosha karibu nusu ya gari inje kwanza, ndipo aone kama njia iko wazi.

Ndiyo maana wengi wanahamisha usukani, ao volani kama wanavyosema mafundi, kutoka kuume kwenda kushoto. Na hapo swali linakuja: kazi hiyo apewe nani? Kuko fundi wa mutaa, wa Katuba, Kenya ao Ruashi, anayefanya kazi kwenye uwanja wazi, chini ya muembe, na kuahidi: « Patron, siku tatu tu, utakuja kukamata gari yako. » Kuko garaje kubwa yenye ukuta, lifti na fakture, inayoomba feza ambazo mwenye teksi anazikusanya kwa miezi. Na kuko kijana aliyesoma mekanike kidogo, aliyeangalia video usiku, anayesema atafanya mwenyewe na rafiki zake siku ya Posho na ya Yenga.

Wanaozarau fundi wa mutaa wanakosea. Lubumbashi ni muji wa vyuma. Union Minière na kisha Gécamines, pamoja na reli, zilifundisha watu kufungua mashine na kuifunga tena, na ufundi huo ulishuka kutoka baba kwenda mutoto, kutoka jirani kwenda jirani. Cité des Jeunes ya Wasalesiani na INPP zinaendelea kutoa vijana wanaojua kushika ufunguo. Na fakture yenye muhuri haionyeshi ni mukono wa nani uliochomelea chuma. Kwa hiyo jibu rahisi la « lipa wataalamu » halitoshi, hata kama mwenye kulipa ana feza.

Lakini kazi yenyewe si ndogo, na wenye magari wengi hawaijui. Wanaangalia tablo: imekaa vizuri, haina nafasi, redio inalia, basi wanalipa. Tablo ni sehemu isiyoua mutu.

Kinachoua kiko nyuma yake na chini yake. Kwanza kremaliere, kile chuma kirefu kinachopokea mwendo wa usukani na kugeuza magurudumu ya mbele. Kwa Hilux ao Land Cruiser, kiwanda kinatengeneza pia gari za usukani wa kushoto, kwa hiyo piesi ya kweli inapatikana, mupya ao ya mutumba. Kwa mifano ambayo Japani iliuza kwake tu, piesi haiko. Hapo ndipo kishawishi kinaingia: kukata ile ya zamani, kuigeuza, kuichomelea. Chuma kilichochomwa moto bila kipimo kinabadilika. Inje kinaonekana kizima, ndani kinaanza kupasuka, na kila shimo la barabara linaongeza ufa. Siku kinapovunjika, shofere anazungusha usukani na magurudumu hayamusikii.

Pili, breki. Pedali zinahamia kushoto, lakini mutungi wa breki, ule unaosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu, mara nyingi unabaki kuume, kwa sababu upande wa kushoto wa injini nafasi imekamatwa na batri ao vitu vingine. Fundi anaunganisha pande zote mbili kwa fimbo ya chuma inayopita nyuma ya tablo. Wazo hilo si la kipumbavu. Viwanda vya Ufaransa vinavyouza magari Uingereza, ambako usukani uko kuume, vimefanya vile vile kwa upande wa pili: mutungi unabaki kushoto, fimbo inavuka. Tofauti ni kwamba fimbo yao imepimwa kabla ya gari kuuzwa. Na hata kwao kosa lilipita: mwaka 2011 Citroën iliita tena maelfu ya gari za C3 Picasso zilizouzwa Uingereza, kwa sababu abiria wa mbele aliweza kufunga breki kwa kukanyaga sakafu mbele ya kiti chake. Kama kiwanda chenye mainjinia wote wale kilipitiwa na jambo hilo, fimbo iliyokatwa kwa macho kwenye uwanja wa garaje inastahili kuangaliwa mara mbili.

Kuko pia taa, na hizi karibu hakuna anayeziuliza. Taa ya Japani, ikishushwa, inapeleka mwangaza mbali zaidi upande wa kushoto, kusudi ionyeshe ukingo wa barabara ya kwao. Huku kwetu Kongo, kushoto ndiko anakotoka shofere mwingine. Gari inahamishwa usukani, inapakwa rangi, inapewa jina la Yesu kwenye kioo cha nyuma, na kila usiku inapofusha watu kwenye njia ya Likasi. Kubadilisha taa ni kazi nyepesi kuliko zote zilizotajwa hapa.

Kijana wa video, basi, afanye nini? Viti, tablo, nyuzi za redio, hata taa, anaweza kuvifanya nyumbani na kujifunza mengi. Akikosea, atabaki bila muziki. Kremaliere na breki asiziguse peke yake. Na akimupa mutu mwingine kazi hiyo, swali la kuuliza si kama garaje ina ukuta ao haina. Ni nani atakayeangalia kisha.

Swali hilo lilipata jibu zamani pahali ambapo hatari ni kubwa zaidi. Marekani kuko mbio za mustari munyofu, gari mbili kando kando, mita 402, anayefika kwanza ameshinda. Wengi wanaoshindana humo wamejenga gari zao wenyewe nyuma ya nyumba. Wakati Wally Parks alianzisha shirika la NHRA huko California, mwaka 1951, vijana walikuwa wanafanya mbio hizo barabarani, kati ya watu. Shirika halikusema kwamba wataalamu peke yao ndio watajenga magari. Lilileta mukaguzi. Mutu anafika na gari aliyoijenga namna alivyoweza, na kabla ya kukimbia gari inaangaliwa. Inayomaliza mita zile kwa sekunde 11.49 ao pungufu inapashwa kuwa na nguzo ya chuma ya kumukinga shofere ikipinduka. Kwenye sekunde 13.99 tayari kofia ngumu ni lazima. Kadiri gari inavyokuwa na mbio, ndivyo masharti yanavyozidi.

Na jina la mutaalamu halimuokoi mutu kwenye ukaguzi. Mwaka 2008 Scott Kalitta, shofere wa kazi, mwenye timu ya kazi, alikufa huko Englishtown katika mbio hizo. Kisha kifo chake, kwa gari zenye nguvu kupita zote, njia ilipunguzwa kutoka mita 402 mpaka karibu 305. Waliojenga gari hizo walikuwa wataalamu wakubwa kabisa, na sheria haikuwaachilia.

Lubumbashi haina ukaguzi wa namna hiyo kwa gari iliyohamishwa usukani. Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 iko, karatasi ya kontrole tekniki iko, na polisi wa barabarani wanaiomba. Lakini mwenye gari anatafuta karatasi ili asisimamishwe. Ni nani kati ya wanaoitoa aliyelala chini ya gari na lampe kutafuta ufa kwenye kremaliere?

Kinshasa imetangaza zaidi ya mara moja kwamba magari ya usukani wa kuume yasiingie tena. Yanaingia. Katanga inaangalia kusini tangu reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka upande huo, na hakuna arete itakayogeuza njia ya biashara kwa siku moja. Tena katazo bila ukaguzi linaleta haraka: usukani unahamishwa usiku, kwa bei ndogo, kusudi tu polisi asiuone kuume. Gari ya usukani wa kuume iliyobaki vile Toyota iliitengeneza ina shida, ndiyo, lakini breki zake zinafunga. Ile iliyokatwa kwa haraka ni hatari zaidi.

Serikali ya jimbo inaweza kufanya jambo dogo lenye faida kuliko katazo: ukaguzi mumoja wa lazima kisha kila kuhamisha usukani, bila kuuliza nani alifanya kazi. Kremaliere, breki, taa. Mainjinia wako, kitivo cha Polytechnique cha UNILU kinawatoa kila mwaka, na INPP ina walimu wa mekanike. Bei iwe ndogo kiasi kwamba hata fundi wa Katuba aone afazali kuja. Ikiwa kali, watu watanunua muhuri na kuacha gari nyumbani.

Na kazi ianze na mabasi ya abiria. HiAce iliyotengenezwa kwa barabara za Japani ina mulango wa kusukuma upande wa kushoto. Kwao ni upande wa watembea kwa miguu. Kwetu ni katikati ya barabara. Usukani unaweza kuhamishwa na fundi bora wa jimbo lote, mulango ukabaki pale pale, na mama anayetoka sokoni na mizigo, ao mutoto wa shule, anashukia mbele ya gari zinazopita. Kufungua mulango upande wa pili ni kukata mwili wa gari. Hii, kwa kweli, si kazi ya chini ya muembe, na bei yake haiwezi kuachiwa shofere anayepaswa kupeleka versement kila jioni. Wenye mabasi ndio wanapashwa kuulizwa.

Mpaka siku ukaguzi huo utakapokuwako, mwenye gari ana silaha moja. Kabla ya kulipa feza iliyobaki, aombe gari inyanyuliwe, aonyeshwe fimbo ya breki inapita wapi, akanyage breki kwa nguvu mara kumi injini ikiwaka, ndani ya uwanja. Kisha amuombe fundi kremaliere ya zamani, aishike mukononi. Kama fundi hana ya kumupa, ni kwa sababu ingali ndani ya gari.