Jua Linachomoza Saa Kumi Jioni

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu wiki tatu na wengine mmeuliza kama nimepata kazi inayolipa. Sijapata. Nilikuwa nabishana. Nimebishana kijiweni, nimebishana kwenye daladala, nimebishana na binamu yangu hadi wali ukapoa mezani, na kila mara tunabishania kitu kimoja: ghorofa jipya la makazi lililoinuka Upanga, upande ule unaopakana na katikati ya mji. Jina lake silitaji. Mwenye nalo ana wanasheria, mimi nina kalamu na deni la intaneti. Mkazi wa Dar es Salaam utalijua tu, na ukikosea utakuwa umefikiria lile la jirani yake, maana siku hizi yanafanana kama mapacha. Maegesho ya magari ghorofa nne za kwanza, kutoka hapo ni vioo vya buluu hadi juu, halafu bwawa la kuogelea karibu na mawingu.

Kambi ni mbili. Ya kwanza inaongozwa na binamu yangu, ambaye ni mkadiriaji majenzi. Anasema ghorofa ni zuri, limeupa mji sura, na mgeni akiliona anajua amefika jijini. Ya pili ni ya rafiki yangu msanifu majengo. Yeye akilipita anageuza uso. Anasema ni Dubai iliyotolewa kwenye fotokopi mbovu, halina hata chembe ya Pwani ndani yake. Wakikutana hawa wawili, agiza chai nyingine maana hamuondoki.

Mimi nasema wote wamekosea, tena kosa lao ni lilelile. Wanalijadili jengo kama watu wanavyomjadili bibi harusi: sura, nguo, rangi ya nguo. Hakuna anayeuliza mle ndani kunakalika vipi, na hakuna anayeuliza limemfanya nini jirani.

Jirani ninayemjua ni shangazi yangu. Anakaa kwenye fleti ya zamani, ghorofa ya tatu, magharibi mwa jengo hilo, tangu mimi sijazaliwa. Jiko lake linatazama mashariki. Miaka yote, ikishafika saa nane mchana, jiko lile ndilo lilikuwa mahali pa ubaridi kuliko pote nyumbani. Jua limehamia upande wa sebuleni, upepo wa baharini unaingia dirishani, na yeye ameketi kwenye kigoda anachambua mchele. Sasa asubuhi jua halimfikii, limezibwa. Upepo nao umezibwa. Ikifika alasiri, jua linapiga ukuta wa magharibi wa ghorofa, vioo vinalipokea na kumrushia yeye jikoni. Siku niliyokwenda alikuwa anakanda chapati huku amefunga kanga kwenye nondo za dirisha. Akaniambia, "Mwanangu, kwangu mimi siku hizi jua linachomoza saa kumi jioni." Nikacheka. Nikakaa pale nusu saa. Sikucheka tena.

Basi nikaamua kwenda kuliona lenyewe kwa ndani. Nilijifanya mnunuzi (waandishi wenzangu msinihukumu). Dada wa mauzo alikuwa mpole, akanipandisha ghorofa ya 11 kwenye fleti ya mfano. Jamani, nisiwadanganye, panapendeza. Unaiona bahari, unaziona meli zinazosubiri kuingia bandarini, unauona mji wako kama mtu mwenye hela anavyouona. Kwa dakika kumi nilikuwa mwanachama kamili wa kambi ya binamu. Kisha umeme ukakatika. Jenereta likanguruma huko chini, taa za ukumbini zikawaka, lifti ikarudi, lakini ndani ya fleti kimya. Dada akaeleza kwamba jenereta ni la lifti, pampu ya maji na maeneo ya pamoja. Nikaomba tufungue dirisha. Dirisha lile linafunguka kwa juu, upana wa kiganja, basi. Baada ya dakika ishirini shati langu limegandana na mgongo na dada wa watu anajipepea kwa kijarida chenye picha ya jengo hilohilo. Nikauliza, nguo zinaanikwa wapi? Akasema kanuni haziruhusu nguo kwenye roshani, zinaharibu mwonekano. Ila kuna nafasi ya kuweka mashine ya kukaushia. Mashine ya kukaushia nguo, Dar es Salaam, mwezi wa pili! Jua liko nje linatuchoma bure, sisi tununue uniti za LUKU za kukaushia shuka.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 tu kusini ya ikweta. Jua la mchana linapita karibu na utosi, kwa hiyo kuta zinazotazama kaskazini na kusini halizisumbui sana. Kibanzi cha zege juu ya dirisha kinatosha kuleta kivuli. Hatari iko mashariki na magharibi, ambako jua linaingia likiwa limeinama. Kuna na upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kisha inakuja kusi. Wenye majahazi walipanga safari zao kwa pepo hizo karne kwa karne bila kuhitaji digrii ya usanifu. Sasa tazama ghorofa letu. Upande mpana wa kwanza unatazama mashariki kwa sababu bahari iko huko na bahari inauza. Upande mpana wa pili unatazama magharibi kwa sababu barabara iko huko. Na pande zote mbili ni kioo kitupu, bila hata kope ya kivuli. Ni sawa na gari lililoachwa juani Mnazi Mmoja vioo vikiwa vimefungwa, tofauti yake hili unalilipia miaka ishirini.

Binamu amenikumbusha mara sita kwamba vipo vioo vya kisasa vinavyopunguza joto, na kwamba hivi ni vya aina hiyo. Sawa. Vinapunguzaje? Kwa sehemu kubwa, kwa kulirudisha nje. Nje ndiko kwa shangazi.

Wala si sisi wa kwanza. London, mwaka 2013, jengo la 20 Fenchurch Street, kazi ya msanifu Rafael Viñoly, lilikuwa bado linamaliziwa. Ukuta wake wa vioo umepinda kidogo kwa ndani kama sahani. Jua likaingia kwenye ule mpindo, likakusanyika, likashuka mtaani, na gari aina ya Jaguar lililokuwa limeegeshwa likayeyuka baadhi ya sehemu zake. London hiyo, ambako jua ni habari ya gazetini! Mwaka 2014 wakalazimika kulifunga vikinga-jua kwa nje. Nilipolisoma hilo nilitaka kulia. Vikinga-jua ndivyo alivyokuwa akichora Anthony Almeida, msanifu wa Kigoa mzaliwa wa Dar es Salaam, tangu miaka ya 1950 hapahapa kwetu. Zunguka mjini uangalie majengo ya enzi zile: mabapa ya zege mbele ya madirisha, matofali ya matundu kwenye ngazi, roshani za nyuma za kuanikia. Watu walikuwa wameshajibu swali. Sisi tumefuta jibu tukabakiza swali.

Sasa msidhani nimehamia kambi ya msanifu. Rafiki yangu huyu anachotaka ni mlango wa Zanzibar wenye nakshi pale mapokezi, na matao mawili matatu, ili jengo "lizungumze Kiswahili". Lizungumze na nani? Nakshi haileti upepo. Ukimwekea shangazi mlango wa Kizanzibari chini ya ukuta uleule wa vioo, ataungua Kiswahili. Nenda kalitazame Soko Kuu la Kariakoo la Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Halina tao, halina nakshi, ni zege tupu. Paa lake ni kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, ila imepinduliwa kwa makusudi: inatoa kivuli na inakusanya maji ya mvua, na upepo unapita chini yake. Soko hilo liliungua Julai 2021 likafanyiwa ukarabati, na bado ukisimama mbele yake unajua aliyelichora alishawahi kulowa mvua ya masika.

Wala sipingi urefu. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa ajili ya wale mtakaoruka aya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Tukiendelea kusambaa Chanika, Goba na Mbagala kila mtu na kiwanja chake, tutakuja kukutana na Chalinze. Anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini Posta ana haki ya kutaka kukaa juu ya kichwa cha mwenzake Upanga. Na hizo fleti za zamani mnazozitamani kwenye picha, nendeni mkakae: mabomba yana kutu, maji hayapandi, na ngazi.

Ngazi. Hapo ndipo binamu aliponikamata, tena vibaya. Binamu yangu ni mtoto wa shangazi yuyu huyu. Ameweka arubuni kwenye lile ghorofa, fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya 14, upande wa magharibi kwa sababu upande wa bahari umemshinda bei. Anataka kumhamishia mama yake. Akaniambia, "Wewe unaandika habari za upepo, mama ana magoti mabovu na anapanda ngazi sitini na ndoo mkononi. Kule kuna lifti." Nilikaa kimya. Unamjibu nini mtu wa namna hiyo? Lifti ni kitu kizuri. Angekuwa mama yangu ningetaka lifti.

Lakini hapo ndipo jibu langu lilipo, na limenichukua siku mbili kulipata. Binamu hakupewa nafasi ya kuchagua kati ya ghorofa lenye lifti na lenye madirisha. Amepewa kifurushi. Lifti imekuja imefungwa pamoja na tanuri, naye kwa kuwa anaihitaji lifti amelibeba na tanuri. Bili nayo ataibeba yeye. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ukinunua fleti unamiliki sehemu yako, na yale ya pamoja mnayabeba wote mlionunua: lifti, pampu, jenereta, dizeli ya jenereta. Na kuosha vioo. Nani ataning'inia na kamba nje ya ghorofa ya 20 kufuta chumvi ya bahari na vumbi la Dar? Mjenzi akishauza fleti ya mwisho anaondoka zake. Uamuzi alioufanya yeye kwenye karatasi, wa kuokoa gharama za vikinga-jua, unageuka kuwa kiyoyozi cha binamu kila mwezi kwa maisha yake yote.

Mnaniambia umeme sasa upo, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 2,115. Vizuri. Tuliokaa gizani mwaka 2006, 2011 na mwishoni mwa 2023 tunashukuru. Ila umeme kuwepo hakuufanyi uwe bure, na juzi niliokata pale ghorofa ya 11 haukusoma hizo takwimu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili lingeonekana mapema. Kabla ghorofa halijaanza, pale kwenye uzio wa mabati liliwekwa bango lenye picha. Mnazijua picha hizo. Miti mirefu ambayo haijawahi kuota Upanga, wazungu wawili wanatembeza mbwa, anga halina waya hata mmoja, hakuna bodaboda, hakuna mama ntilie, na majengo ya jirani yamefutwa kwa ufagio. Fleti ya shangazi haikuwepo kwenye picha ile. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36, na mji mzima ukaapa kwamba tangu siku ile tutauliza maswali mapema. Tumejifunza kuuliza kama litaanguka. Hatujajifunza kuuliza kama litakalika.

Mimi nataka kitu kidogo. Kwenye bango lilelile, pembeni ya wazungu na mbwa wao, uwekwe mchoro mmoja wa kivuli: saa tatu asubuhi kinaangukia wapi, na saa kumi jioni mwanga wa vioo unatua kwa nani. Programu za kompyuta za kufanya hivyo wasanifu wanazo, rafiki yangu amenionyesha ya kwake. Ni kazi ya mchana mmoja. Na manispaa isitoe kibali hadi wenye madirisha hayo wauone.

Jumapili iliyopita binamu alimpeleka mama yake kuiona fleti. Nami nilikwenda, nikajibana kwenye lifti. Shangazi alizungukazunguka sebuleni, akagusa kaunta ya jikoni, akaisifu. Akasogea dirishani akatafuta nyumba yake kule chini, akaipata, akatuonyesha dirisha lenye kanga. Kisha akatoka kwenye roshani, akapima upana wake kwa mikono miwili, akageuka.

"Nguo zangu nitaanika wapi?"

Binamu akanitazama mimi.