Mchoro Mdogo Kabla ya Picha Kubwa

Mchoraji atakaye kuionyesha Namuwongo katika picha kubwa hana budi kuanza na ndogo. Kando ya reli, ambako nyumba zimesongamana na kilima cha Muyenga huonekana kwa juu, hapana nafasi ya kusimamisha turubai la mita mbili, na mvua ya Kampala haibishi hodi. Basi huchukua kibao cha kushikika mkononi, akapaka rangi za mafuta upesi upesi: hapa anga, pale mabati, kule kivuli. Nyuso za watu huziacha. Autafutao ni mwanga, nao haungoji.

John Constable wa Uingereza alizidi. Kwa picha yake iitwayo The Hay Wain, ya mwaka 1821, alitengeneza kwanza mchoro wa mafuta wa ukubwa ule ule hasa, unaokaribia mita 2 kwa upana. Mchoro huo umo katika jumba la Victoria and Albert, London, na wako waupendao kuliko picha iliyokamilika. Si ajabu, una pumzi.

Lakini arudipo nyumbani, mchoraji asirundike pembeni matambara yaliyolowa mafuta ya kitani. Hujipasha moto yenyewe yakawaka bila kiberiti, na penye nyumba zilizobanana namna ile, moto huvuka ukuta kabla jirani hajaamka. Yatandazwe nje moja moja yakauke, au yatiwe katika kopo la bati lenye maji na kifuniko. Tapentaini nayo isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, watoto wasije wakainywa.